CHAKULA CHA MGONJWA ANAYETUMIA DAWA ZA KANSA YA UTUMBO
(Hotuba ya Mganga wa Zahanati mbele ya Mkutano Mkuu wa Wanachama. Imenakiliwa hapa kwa faida ya wasiohudhuria.)



Nashukuru kupewa nafasi kabla ya mjadala wa pembejeo. Nitasema kwa kifupi. Halmashauri imeniomba nieleze juu ya chakula cha mtu anayetibiwa kansa ya utumbo mpana, maana jambo hili limeingia kijijini na limeanza kula mali zetu. Mbuzi wanauzwa ili yanunuliwe makopo ya unga na chupa za vidonge vinavyotembezwa na wachuuzi. Halafu siku ya kurudi hospitali inafika, nauli hakuna. Hapo, ndugu zangu, tumeuza jembe ili tununue mpini.

Kwanza tuelewane juu ya dawa zenyewe. Mgonjwa wa kansa hii, akishapasuliwa au hata kabla, anaweza kupangiwa dawa za kuua chembe za kansa. Nyingine ni za dripu, nyingine ni vidonge vya kumeza nyumbani. Kwa kawaida hurudiwa kila baada ya wiki 2 au 3, kwa muda wa miezi 3 hadi 6, na kwa wengine zaidi. Wenzetu huzifuata Ocean Road Dar es Salaam, Bugando Mwanza au KCMC Moshi. Dawa hizi hushambulia chembe zinazokua upesi. Kansa hukua upesi, lakini ngozi ya ndani ya mdomo na ya utumbo nayo hukua upesi, na vilevile chembe za damu. Ndiyo sababu mgonjwa anapata vidonda mdomoni, kichefuchefu, kuharisha, na damu kupungua. Siyo kwamba amerogwa, na siyo kwamba dawa imemkataa.

Sasa hebu tuulize: anakonda kwa nini? Anakonda kwa ugonjwa wenyewe, na pia kwa sababu hali. Akikonda sana, dawa inamlemea, daktari analazimika kuipunguza au kuisimamisha. Kwa hiyo chakula ni sehemu ya tiba. Wazee wetu wanakumbuka mwaka 1973 ilipokuja kampeni ya Mtu ni Afya, na mwaka 1975 Chakula ni Uhai, watu wakikaa vikundi vikundi kusikiliza redio. Maneno yale hayajazeeka.

Tuje kwenye makopo na chupa. Nchini Ureno wataalamu waliwafuata wagonjwa 111 wa kansa hii waliokuwa wakipigwa mionzi, wakatoa matokeo mwaka 2005. Kundi la kwanza lilipewa ushauri wa chakula cha kawaida cha nyumbani, mtu kwa mtu. La pili lilipewa kinywaji cha kopo chenye protini, juu ya chakula chao. La tatu liliachwa lile lilivyozoea. Mwisho wa mionzi makundi mawili ya kwanza yalikuwa na nafuu. Lakini baada ya miezi 3, walioshika nafuu yao ni wale wa ushauri wa chakula. Nafuu ya kopo ilikuwa imepotea. Wale walitibiwa kwa mionzi, siyo kwa dripu, lakini somo linatufaa: kopo bila mtu wa kukuelekeza sahani yako ni msaada wa siku chache.

Sisemi kopo ni baya. Mgonjwa asiyeweza kumeza ugali, hospitali ikimwandikia kinywaji cha lishe, anywe. Ninayemkataa ni mchuuzi anayesema chupa yake inaponya. Vitamini kwa kiasi cha mahitaji ya siku hazina ubaya daktari akikubali. Kwa wingi ni hatari. Foliki asidi nyingi, ikikutana na vidonge vya kapesitabini, huzidisha kuharisha na vidonda vya mdomo. Basi hata vile vidonge vya kuongeza damu vya mama wajawazito, mgonjwa asivichukue tu kwa jirani. Vitamini E ilijaribiwa kuzuia ganzi ya vidole inayoletwa na dawa, haikuizuia. Mshubiri unaharisha, kumpa mtu ambaye tayari anaharisha ni kummaliza. Na mitishamba mingine hubadilisha jinsi ini linavyoisaga dawa ya hospitali. Chochote anachotumia, akibebe akamwonyeshe daktari, asifiche.

Je, ale nini? Mtu wa kilo 50 anahitaji kama gramu 50 hadi 75 za protini kwa siku, yaani chakula cha kujenga mwili. Hebu tuhesabu kwa vyakula vyetu. Mayai 2 ni kama gramu 12. Kikombe cha maharage yaliyopikwa ni gramu 15. Bilauri 2 za mtindi, gramu 16. Dagaa wakavu gramu 30, yaani konzi moja, ni gramu 18. Jumla 61, na ugali haujahesabiwa. Vyote vinatoka humu humu kijijini na sokoni kwetu.

Namna ya kumlisha:

1. Kidogo kidogo, mara 5 au 6 kwa siku. Msimjazie sahani halafu mkamgombeza.

2. Uji uongezwe maziwa, yai au karanga iliyosagwa. Karanga na mahindi yenye ukungu yasiingie kabisa. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara.

3. Maziwa yachemshwe kwanza ndipo yagandishwe. Dawa hupunguza askari wa mwili, maziwa mabichi yatamletea maradhi.

4. Akiharisha: maji safi lita 1, sukari vijiko vidogo 6, chumvi nusu kijiko kidogo. Anywe mara kwa mara. Apunguze mafuta na pilipili. Akizidi, aende hospitali.

5. Aliyepewa oksaliplatini asinywe wala kushika vitu vya baridi kwa siku kadhaa. Koo na vidole vitamchoma kama sindano. Maji yake yawe vuguvugu.

6. Vidonda mdomoni: asukutue kwa maji ya chumvi kidogo, ale vyakula laini, visivyo na ndimu.

7. Homa ikifika nyuzi 38, msingoje asubuhi. Siku hiyo hiyo hospitali, hata kama ni usiku.

Tena, mgonjwa siyo tumbo peke yake. Hospitali hupima nafuu kwa kuuliza: unalala? unatembea? unaweza kukaa na wenzako? Basi mtoeni nje, atembee hadi ghalani na kurudi kwa kadiri ya nguvu zake, akae barazani asikie habari za bei. Mtu aliyefungiwa chumbani hata chakula hakimshuki.

Ndugu Mwenyekiti, naleta maombi 3. La kwanza, mzani wetu wa magunia pale ghalani utumike kuwapima wagonjwa hawa kila wiki bila malipo. Mtu wa kilo 60 akishuka hadi 57, tumwandikie barua daktari wake, maana hata kipimo cha dawa hutokana na uzito na urefu wa mtu. La pili, wafugaji tutoe kwa zamu maziwa lita 1 kwa siku kwa kila nyumba yenye mgonjwa wa namna hii, kwa muda wote wa dawa. La tatu, nauli ya hospitali itoke kwanza kwenye mfuko wa maafa, irudishwe wakati wa mavuno.

Mkiyakataa, yule mchuuzi atarudi siku ya gulio na begi lake, na mbuzi mwingine atauzwa. Mkiyakubali, hatutakuwa tumeponya kansa, hilo nasema wazi. Ila mwenzetu atamaliza dozi zake akiwa na nguvu ya kusimama, na watoto wake watabaki na mbuzi wao.

Naliacha mikononi mwenu.