Chuma cha Miguu kwa Wachezaji Wetu



Mwacheza tamthilia ya Shakespeare ya Mfalme Henry wa Tano, na fedha tulizochanga si nyingi. Basi chagueni mwaka kabla ya kuchagua chuma. Katika karne ya 13 mpanda farasi alivaa soksi ndefu za pete za chuma. Huko Agincourt, mwaka 1415, bwana wa vita alivaa mabamba: pajani, gotini, muundini na juu ya kiatu chenye ncha iliyochongoka. Kiatu cha chuma kipana mbele ni cha miaka ya 1500, kiacheni. Shahidi wenu mwema ni sanamu ya kaburi la Mwana wa Mfalme Edward, aliyefariki 1376, katika kanisa kuu la Canterbury.

Wapiga mishale walikuwa wengi kuliko mabwana, na wengi wao hawakuwa na chuma miguuni. Kwa hiyo seti chache zatosha.

Mwisho, pimeni mvaaji. Mabamba ya paja yaning'inie kiunoni, si kwenye kifundo. Asiyeweza kupiga goti na kuinuka mwenyewe, asipande jukwaani nayo.