Kusadikika kwa Nani? Neno Moja katika Riwaya ya Shaaban Robert



Miaka mingi iliyopita nilikuwa nikifundisha Kusadikika, riwaya ya Shaaban Robert iliyochapishwa mwaka 1951, na nikaieleza kama nilivyoelezwa mimi: kwamba nchi hii iliyo angani ni Tanganyika iliyokuwa chini ya Waingereza, Waziri Majivuno ni dhuluma ya watawala, na Karama ni mwananchi anayedai haki. Mwanafunzi aliyeketi nyuma akauliza, "Kusadikika kwa nani, Mwalimu?" Nilimjibu haraka nikaendelea na somo. Nilichomjibu sikikumbuki, na nadhani hakikustahili kukumbukwa. Mhadhara huu ni jaribio la kumjibu upya, kwa kuchelewa.

Tuanze na umbo la neno. Kauli ya kutendwa humruhusu mtenda atajwe: habari ilisadikiwa na mfalme. Kauli ya kutendeka haimruhusu. Tukisikia "habari ilisadikika na mfalme", sikio linakataa. Kikombe kimevunjika, na aliyekivunja amejificha nyuma ya kitenzi. Kila mzazi anaijua hila hiyo ya watoto. Basi jina la nchi hii linataja tendo la kusadiki na kumficha asadikiye. Wahakiki wengi wameona katika jina hilo kejeli tu, yaani nchi inayoelea angani, isiyosadikika hata kidogo, ndiyo iitwayo Kusadikika. Kejeli hiyo ipo, nami siikanushi. Lakini mwandishi huyu aliandika pia Kufikirika, iliyotoka mwaka 1967 baada ya kifo chake, na humo nako nchi imepewa jina la kitenzi katika kauli ile ile. Mtu hachagui kauli moja mara mbili kwa bahati nasibu. (Wapo watakaosema kwamba ku- hapa yaweza kusikika pia kama ku- ya mahali. Naipenda fikra hiyo, ila sitaijengea nyumba.)

Shina lenyewe lilitufikia kutoka Kiarabu, na katika Kiswahili limezaa ukoo. Ipo sadaka. Ipo pia sadakta, neno ambalo wazee wa pwani hulitamka mzungumzaji anapogonga ukweli: umesema kweli. Katika sadakta ukweli ni wa msemaji, naye anaambiwa usoni. Katika kusadiki, tendo limehamia kwa msikilizaji. Yeye ndiye anayeamua kulipokea neno kuwa kweli. Katika kusadikika wote wawili wametoweka. Hakuna aliyesema, hakuna aliyepokea. Imebaki hali tu, kama hali ya hewa.

Sasa tuingie barazani. Karama anashtakiwa kwa kosa la kuwafundisha watu uanasheria. Utetezi wake ni kusimulia habari za wajumbe sita ambao nchi iliwatuma pande zote, juu na chini, wakalete mambo ya kuifaa. Walikwenda, wakateseka, wakarudi na maarifa, na nchi yao ikawalipa kifungo. Tuyasikilize majina yao: Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa, Amini. Tumezoea kuwafundisha wanafunzi kwamba majina ya Shaaban Robert ni sifa za tabia, tukaishia hapo. Lakini Buruhani ni ithibati. Kabuli ni kukubali. Ridhaa ni radhi ya moyo. Amini ni kutumaini bila shaka. Haya si maadili ya jumla tu. Ni hatua ambazo neno la mtu hupitia mpaka likasadikiwa na mwenzake. Nchi ya Kusadikika imekwisha kuzitia gerezani hatua zote za kusadiki, kisha ikabaki na jina.

Hapo ndipo ninapoona kwa nini kosa la Karama ni sheria, wala si uasi wala wizi. Sheria ni elimu isiyoridhika na kauli ya kutendeka. Mbele ya hakimu haitoshi kusema kikombe kimevunjika. Huulizwa nani amevunja, nani ameona, nani amesema, na kwa ushahidi gani. Kumfundisha raia wa Kusadikika uanasheria ni kumfundisha kuuliza swali la mwanafunzi wangu. Majivuno analielewa hilo kuliko wahakiki wengi, ndiyo maana anataka Karama aangamie.

Sisemi kwamba usomaji wa kikoloni ni wa makosa. Shaaban Robert alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni kwa miaka mingi, na alijua barua za ofisini ambamo mambo "yameamuliwa" na mwamuzi hatajwi. Lakini kama riwaya hii ingekuwa fumbo la Waingereza peke yao, ingefungwa mwaka 1961, na sisi tungeisoma kama tunavyotazama stempu za zamani. Haikufungwa, kwa sababu kitenzi chake hakikwenda na gavana.

Limebaki jambo moja linalonisumbua, na afadhali niliseme kuliko kulifunika. Mwishoni Karama anashinda na wajumbe waliofungwa wanaachiliwa. Asadikiye ametokea hatimaye: ni mfalme. Ni kana kwamba amemwambia Karama sadakta, ingawa sidai kwamba mwandishi alilitumia neno hilo. Wengi hufurahia mwisho huu. Mimi hunipa wasiwasi, kwa kuwa waliofungwa kwa neno la mtu mmoja wamefunguliwa pia kwa neno la mtu mmoja. Karama ameitetea sheria kwa siku sita, na kilichomwokoa ni masikio mema ya mfalme. Yule mwanafunzi wa nyuma, kama yupo humu ukumbini leo, ana haki ya kuuliza tena: na mfalme akighairi kesho?

Nimelitafuta jibu katika riwaya, sijaliona. Sasa naomba maswali.