Lini Mwenye Jina Ana Haki ya Kuuvunja Mkataba?

Miongoni mwetu wamo wanaofanya biashara chini ya jina la kampuni nyingine, kwa mkataba na ada, nao huhofu kunyang'anywa jina hilo wakati wowote.

Tuitazame kesi ya Raymond Dayan. Mwaka 1971 McDonald's ilimpa haki ya kuendesha mikahawa mjini Paris, kwa sharti la ubora, huduma na usafi. Wakaguzi wakakuta uchafu, akaonywa, asirekebishe. Kampuni ilipokusudia kuuvunja mkataba, alishitaki Illinois, Marekani. Alidai kuwa uchafu ni kisingizio tu, na kwamba kampuni ililitamani soko lake.

Mwaka 1984 mahakama ya rufaa iliamua kuwa mwenye jina hana ruhusa ya kuvunja mkataba pasipo sababu ya haki. Hiyo ni insafu. Lakini sababu ya haki ikithibiti, tamaa iliyofichika moyoni haiibatilishi. Dayan akashindwa, kwa jikoni chafu!

Basi barua ya onyo ikikufikieni, msiitupe kabatini. Someni mkataba mmepewa siku ngapi za kurekebisha, kisha jibuni kwa maandishi yenye tarehe.