Sigara mlangoni mwa lopitali: sheria iko, nani anaifuata?



Wengine watauliza: watu wanauawa Djugu na Irumu, jimbo liko chini ya wanajeshi tangu Mei 2021, na nyinyi munatuita juu ya sigara? Ndiyo, tunawaita. Mama mwenye kubeba mtoto anayeumwa kifua anapita katikati ya moshi mbele ya kufika kwa munganga. OMS inahesabu zaidi ya milioni 7 ya watu wanaouawa na tumbako kila mwaka, na zaidi ya milioni moja kati yao hawavutake hata.

Inchi yetu ilikubali mapatano ya OMS juu ya tumbako mwaka 2005. Mwaka 2007 waziri wa afya akatoa amri juu ya kuvuta mahali pa watu wengi. Mwaka 2018 ikaja sheria ya afya ya umma, namba 18/035. Makaratasi hayakosekane. Kinachokosekana ni kibao mlangoni, kwa Kiswahili, chenye mutu wa Mudzipela anaweza kusoma.

Tuangalie jirani. Ukivuka Mahagi, sheria ya Uganda ya 2015 inakataza kuvuta ndani ya mita 50 kutoka mahali pa watu wote ao pa kazi. Kampuni British American Tobacco iliishtaki mbele ya Korti ya Katiba. Mwaka 2019 ikashindwa. Mita 50, mutu anahesabu kwa miguu, hakuna kubishana.

Hapo ndipo tuko na wasiwasi. Ukipatia mutu wa silaha sheria isiyo na mupaka, kesho kijana wa moto anasimamishwa: "Ulikuwa unavuta, leta franga." (Wamotari wanajua ule wimbo.) Kwa hiyo tunaomba mupaka upimwe, na amande ilipwe ku biro, na kitansi, hapana mukononi. Na waanze na wakubwa! Direkta anavuta ndani ya biro, sekretere wake mwenye mimba anaandika pembeni. Atamwambia nini? Anaogopa kazi yake.

Mama anayeuza sigara moja moja siyo adui yetu. Asogee tu mbali na mlango wa masomo.

Wiki hii kila kikundi cha mtaa kichague lopitali ao masomo moja. Mupime mita 50 kwa kamba, muandike kile mumeona, bila kupiga mutu picha. Barua itaenda kwa meya na majina ya milango, siyo majina ya wavutaji.