Mgeni Akikutafuta kwa Jina, Akukute Wewe

Maneno haya yalisemwa mbele ya wenye nyumba za wageni na waongoza watalii wa Watamu na Malindi.

Najua wengine mmeacha wageni nyumbani ili mfike hapa, kwa hivyo naingia moja kwa moja.

Chukua simu uandike kwenye Google jina la nyumba yako ya wageni, vile mgeni wa Nairobi angeandika. Tazama kinachotokea juu kabisa. Mara nyingi si tovuti yako. Ni tangazo la kampuni kubwa ya kuuza vyumba mtandaoni, na juu yake kuna neno dogo la kuonyesha kwamba nafasi hiyo imelipiwa. Mgeni alishakujua, amekutafuta kwa jina, lakini anapitia mlango wa mtu mwingine, nawe unatozwa kamisheni. Kamisheni ya asilimia 15 ni kawaida. Chumba cha shilingi 5,000 kwa siku 4 ni 20,000, 3,000 zimekwenda. Kwa mgeni aliyekuwa wako tangu mwanzo!

Sisemi muondoke kwa hao mawakala. Wanaleta watu ambao hamngewapata. Ninachosema ni kwamba nafasi ile ya juu hata wewe unaweza kuilipia, na kwa jina lako mwenyewe bei yake huwa nafuu.

Nieleze inavyofanya kazi. Google ilianza kuuza matangazo ya namna hii mwaka 2000. Kila mtu anapotafuta jambo, mnada unafanyika kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Wewe ulishasema neno unalolitaka na bei ya juu utakayolipa. Lakini mwenye pesa nyingi hashindi kila mara, maana mtambo unapima pia kama tangazo lako linajibu alichouliza mtu, na kama ukurasa anaofikishwa una jibu hilo. Na kwa kawaida hulipi kwa kuonekana. Unalipa mtu akibonyeza. Bango la barabarani linalipiwa hata na ng'ombe wakilipita.

Sasa hesabu, na hizi ni za mfano tu. Tuseme kila kubonyeza ni shilingi 30. Watu 100 wamebonyeza, umetumia 3,000. Wawili wakichukua chumba kwa zile siku 4, umepata 40,000, wakati kamisheni ya hao wawili ingekuwa 6,000. Mmoja akichukua, mmelingana na wakala. Asipochukua hata mmoja, simamisha utafute kasoro iko wapi. Ndiyo maana nawaomba kila anayepiga simu aulizwe ametuonaje, na jibu liandikwe kwenye daftari pale mapokezi.

Pesa nyingi hupotelea kwenye maneno. Ukilipia neno "Watamu" peke yake, utalipia mwanafunzi anayetafuta ramani, mtu wa ploti, na kijana anayetafuta kazi ya hoteli. Lipia maneno ya mtu mwenye begi mkononi: "nyumba ya wageni Watamu karibu na ufuo", "kuona nyangumi Watamu". Hao wa nyangumi, anza nao kabla ya Julai, maana nyangumi wenyewe hupita hapa kuanzia Julai hadi Oktoba. Kisha kuna orodha ya maneno unayoyakataa. Weka humo "kazi", "ploti", "bure". Watu wengi hawaijui orodha hiyo kabisa, na mimi naiona ni ya maana kuliko bajeti yenyewe.

Mahali nako. Ukichagua Nairobi, mtambo kwa kawaida huonyesha tangazo kwa walioko Nairobi na pia kwa walio kwingine wanaopendezwa na Nairobi. Kama unawataka wakaazi tu, ingia kwenye mipangilio ubadilishe. Na wenye wageni wa Italia, najua Malindi mko wengi: tangazo la Kiitaliano linaloishia kwenye ukurasa wa Kiingereza kitupu linamkera mgeni, naye anarudi alikotoka. Umeshalipa.

Ukurasa wenyewe ufunguke haraka kwenye simu, uwe na bei, picha za chumba chenyewe na nambari ya WhatsApp. Tovuti isiyo na bei msiitangaze. Na kabla hujatoa hata senti, andikisha biashara yako kwenye ramani ya Google. Hiyo ni bure, hata kama kuna mtu amewaambia mlipe.

Bajeti inawekwa ya siku. Usishtuke siku moja ikitumia hadi mara 2 ya uliyoweka. Kwa mwezi haitazidi bajeti ya siku mara 30.4. Desemba vyumba vikijaa, zima. Wengi hutangaza Desemba yenyewe, wakati mgeni alianza kutafuta Oktoba.

La mwisho ni la umiliki. Kijana wa kukusaidia mlipe vizuri, lakini akaunti ifunguliwe kwa barua pepe yako, na kadi ya malipo iwe yako. Yeye mpe ruhusa ya kuingia, ambayo unaweza kuiondoa. Akaunti ikiwa kwa jina lake, siku mkiachana anaondoka na kumbukumbu zote za maneno yaliyokuletea wageni, nawe unaanza upya.

Naona mikono imeshainuliwa. Tuanze na mama wa pale nyuma, kisha wenye mashua.