Hajulikani Aliko

Mazungumzo ya redio. Somo: Luka 11:5–8



Somo letu mtalipata katika Injili ya Luka, mlango wa 11, mstari wa 5 hadi wa 8. Ni ule mfano mfupi wa mtu aliyefikiwa na mgeni usiku wa manane, naye hana chakula nyumbani, akaenda kumgongea rafiki yake amwazime mikate mitatu. Tulipokuwa watoto tulifundishwa kwamba mfano huu unahusu maombi, na tulipokuwa watu wazima tuliwafundisha wengine vivyo hivyo. Hatusemi kwamba tulikosea. Bwana Yesu aliusema mara baada ya kuwafundisha wanafunzi wake kusali. Lakini miezi michache iliyopita tulijikuta sisi wenyewe ndani ya habari hiyo, katikati ya jiji la Nairobi, na tangu usiku ule hatuwezi kuisoma kama zamani.

Ilikuwa Jumamosi. Kanisa letu liko upande wa magharibi wa jiji, ukipita Westlands ukafuata barabara ya Waiyaki kuelekea Kangemi. Tulikuwa tumemwalika mama mmoja mzee kutoka Mombasa, mwalimu wa Shule ya Jumapili kwa miaka mingi, aje azungumze na watoto wetu siku iliyofuata. Sisi watatu, wazee wawili wa kanisa na mama mmoja wa chama cha wanawake, tulitumwa kumpokea mjini. Kutoka Mombasa ni karibu kilomita 480, na basi lililoondoka asubuhi lingalifika jioni. Lakini lori lilikuwa limepinduka njiani, magari yakasimama saa nyingi, na mgeni wetu akateremka saa tano na nusu usiku, mvua ikinyesha.

Mkaao Nairobi mnajua mambo ya mvua. Magari hupungua, nauli hupanda, na makanga hataki kusikia kwamba jana ililipwa nusu yake. Tulikuwa tayari kungoja. Lakini yule mama alitushika mkono akasema kwa sauti ndogo kwamba hajala kitu tangu Mtito Andei, kwamba ana ugonjwa wa sukari, na kwamba anaanza kutetemeka. Tukatazamana. Katika mikoba yetu mlikuwamo Biblia tatu, vitabu viwili vya nyimbo, na miavuli. Hata peremende hatukuwa nayo.

Tukapita barabara ya Tom Mboya tukitafuta. Hoteli tulizozizoea, zile za chai na maandazi, zilikuwa zimeinua viti juu ya meza. Mwishowe tukaona mlango mmoja wenye taa kali na watu wamejaa hata nje. Ilikuwa duka la piza, mahali wanapouza kipande kimoja kimoja. Tuseme kweli, mchana tusingaliingia pale. Tulidhani ni mahali pa vijana.

Kwa wale wasiokijua chakula hiki, ni mkate mpana na mwembamba wa unga wa ngano na hamira, wenye nyanya na jibini juu yake, uliookwa katika jiko kali sana. Asili yake ni Napoli, kusini mwa Italia, ambako kilikuwa chakula cha maskini kilichouzwa njiani. Waitaliano waliohamia Marekani walikwenda nacho New York, na huko ndiko desturi ya kuuza kipande kimoja kimoja ilikoenea, kwa kuwa mfanyakazi wa usiku hana fedha za kununua mkate mzima wala nafasi ya kuketi. Kwetu Kenya kilijulikana mapema kule Malindi kwa Waitaliano waliofanya makao huko. Siku hizi kimeenea Nairobi, hata Jumanne watu hupanga foleni ndefu kwa sababu yapo maduka ambayo siku hiyo ukinunua moja hupewa ya pili. Daktari wa mama yetu asingalikisifu. Lakini mtu anayetetemeka haulizwi anapenda nini.

Watu waliosimama pale hatukuwazoea. Walikuwapo vijana wa bodaboda waliokuwa wakingoja mizigo ya kupeleka Kilimani na Lavington, maji ya mvua yakiwachuruzika. Alikuwapo muuguzi aliyevaa sweta juu ya sare yake. Walikuwapo madereva wa teksi, na askari wa usiku aliyeacha rungu lake mlangoni kama sisi tunavyoacha miavuli kanisani. Walikuwapo pia wasichana wawili waliovaa nguo za dansi, nasi tuliwatazama kwa lile jicho mnalolijua. Hao ndio waliomwona mama yetu akiyumba, wakasema, "Mpisheni nyanya," na foleni yote ikampisha.

Nyuma ya meza alikuwapo kijana mmoja mwenye kisu cha gurudumu. Alikuwa akikata piza vipande vinane, akitia kipande kwenye karatasi, akitazama simu kama malipo ya M-Pesa yameingia, akigeuka tena jikoni. Hakupumzika hata kidogo. Alipomfikia mama yetu alisema, "Shikamoo, nyanya." Yeye akajibu, "Marahaba, mjukuu wangu. Nipe chochote kilicho tayari, nina sukari." Kijana hakungoja fedha. Alimpa kipande, akamtafutia kiti cha ndani wanachokalia wafanyakazi, na watu walipopungua kidogo akamletea kikombe cha chai isiyo na sukari, ambayo haiuzwi pale. Nadhani ilikuwa chai yake mwenyewe.

Mama alipopata nguvu alianza kuzungumza naye, kama wafanyavyo walimu wa Shule ya Jumapili, ambao hawajui kunyamaza karibu na mtoto. Akamwuliza, "Na kesho Jumapili, utapata usingizi kidogo kabla ya ibada?"

Kijana akatutazama sisi. Kisha akasema, "Nyanya, hawa ni wazee wangu."

Ndugu msikilizaji, hatukumjua. Alitutajia jina la mama yake ndipo tukakumbuka. Alibatizwa kwetu, akapokelewa Meza ya Bwana kwetu, na siku moja aliigiza kama mchungaji wa kondoo katika mchezo wa Krismasi, akasahau maneno yake, kanisa zima likacheka. Alikaa kilomita chache tu kutoka kanisani. Alieleza kwamba huingia kazini saa kumi na mbili jioni na kutoka saa kumi na mbili asubuhi, na kwamba usiku wa kuamkia Jumapili ndio wenye kazi nyingi kupita zote. "Nikifika nyumbani," alisema, "nalala na viatu."

Zamani alikuwa na kazi ya mchana katika hoteli nyingine. Mnakumbuka amri ya kutotoka nje usiku ilipoanza, tarehe 27 Machi 2020, kuanzia saa moja jioni. Hoteli ile ilifungwa, naye akarudi mashambani. Amri ilipoondolewa tarehe 20 Oktoba 2021 usiku wa Nairobi ulifunguka tena, na kazi iliyopatikana ikawa ya usiku. Kwa miezi kumi na minane na zaidi, wengi walioishi kwa biashara ya usiku walikuwa hawana mlango wa kuingilia wala wa kutokea. Sisi, wenye kazi za mchana, tuliiona amri ile kama taabu ya kuwahi nyumbani.

Halafu akauliza, bila hasira, huku akifuta meza, "Wazee, nilisikia jina langu lilitolewa. Ni kweli?"

Tulimjibu kwamba tutakiangalia kitabu.

Hebu turudi sasa kwa Luka. Yule rafiki aliyegongewa hakusema uongo. Mlango ulikuwa umefungwa kweli. Watoto walikuwa wamelala pamoja naye kweli, kwa maana nyumba za watu wa kawaida siku zile zilikuwa chumba kimoja, na mtu akiinuka huwaamsha wote. Kila neno alilosema lilikuwa kweli, na kwa maneno hayo ya kweli alikuwa akimnyima mtu mkate. Nasi tulipomwambia kijana yule kwamba tutakiangalia kitabu, tulisema kweli pia. Tena tulijua tayari kilichoandikwa, kwa maana wawili kati yetu tulikuwapo kikaoni siku ile. Tulitia sahihi.

Na angalieni jambo jingine katika mfano huo, ambalo sisi tulilipita miaka yote. Yule aliyegonga mlango hakuwa akijiombea mwenyewe. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba alikuwa na njaa. Mgeni ndiye aliyekuwa na njaa. Usiku ule tulikwenda mjini kwa ajili ya mgeni, tukiwa na mikono mitupu, na mkate tukapewa na mtu ambaye sisi tulikuwa tumemfungia mlango. Alitupa kabla ya kutuuliza habari ya jina lake. Tumelifikiri sana jambo hilo, kwa kuwa angaliweza kuanza na swali lake.

Gari lilipatikana saa saba. Njiani, tukipita Museum Hill, mama yetu hakutulaumu. Aliuliza tu mna watu wangapi katika kitabu chenu, na wangapi kati yao wanafanya kazi usiku. La kwanza tulilijibu upesi.

Jumatatu tulikifungua kitabu. Kando ya jina lake, kwa mwandiko ambao hatutasema ni wa nani, palikuwa pameandikwa: hajulikani aliko. Mtu aliyesimama kila usiku chini ya taa kali, dirisha wazi, katika barabara ambayo maelfu hupita! Mamake alikuwa akikaa kiti cha tatu kila Jumapili. Hakuna hata mmoja wetu aliyemwuliza.

Baraza la wazee lilipokutana tulieleza yote. Hatutaki mdhani kwamba kila mtu alilia. Mzee mmoja, mtu mwema ambaye hajakosa ibada kwa miaka mingi, alisema kwamba Jumapili ni Jumapili, na kwamba tukianza kuhamisha siku kwa ajili ya kila mwenye kazi hatutajua tena siku ya kukutana. Ni neno lenye uzito, nasi hatukupata la kumjibu mara moja. Lakini mama mmoja alianza kuwataja wa mtaa wake peke yake: muuguzi, makanga, mwoka mikate, walinzi wawili, yule binti anayefanya usafi katika ofisi za Westlands alfajiri. Alipofika wa saba mwenyekiti akamwomba apumzike. Kisha ikaulizwa nani amewahi kuwatembelea, na saa ngapi. Tuliwahi kuwatembelea, ndiyo, saa nne asubuhi, wakati walipokuwa wamelala, tukagonga, hakuna aliyeitikia, tukaandika kwamba tulifika.

Yaliyoamuliwa ni machache. Jumatano saa tisa alasiri mlango wa kanisa hufunguliwa, na mmoja wetu huwapo, awepo mtu asiwepo. Mchungaji alikubali kuwapa Meza ya Bwana siku hiyo mara moja kwa mwezi. Na wazee wawili wawili huenda mjini usiku wa Ijumaa, si kuhubiri, maana mtu mwenye foleni ya watu thelathini hana haja ya mahubiri, bali kununua kipande kama wengine, kusalimia, na kujua nani yuko wapi. Yule mzee aliyepinga ndiye aliyekwenda mara ya pili. Alirudi akilalamika juu ya jibini, akasema ameonana na watoto watatu wa kanisa letu ambao hakuwataja mtu yeyote kikaoni.

Kijana wetu alikuja Jumatano ya kwanza. Ya pili hakuja, walimbadilishia zamu. Ya tatu alikuja amechelewa, akalala usingizi kwenye benchi wakati wa maombi, nasi hatukumwamsha.

Wiki iliyopita yule mama alitupigia simu kutoka Mombasa. Baada ya salamu aliuliza, "Yule mjukuu wangu, jina lake limerudi?" Tukakileta kitabu tukamsomea. Yale maneno ya kwanza yamepigwa mstari, bado yanasomeka, na chini yake pameandikwa: yuko mjini, kazi ya usiku, aonwe Jumatano.