Mzigo Ukining'inia, Mashine Inakuwa Nyingine

(Maneno yaliyosemwa mbele ya waendeshaji mitambo, mafundi na wanakamati za ujenzi, Ekerenyo)



Tuanze kwa kukiri kosa letu. Msimu wa mvua uliopita tulikuwa tunajenga ukumbi, tukakodi telehandla ipandishe kenchi. Mnaijua: ile mashine ya magurudumu manne yenye uma mbele, na mkono mmoja mrefu unaochomoka kama antena ya redio. Kijana aliyeiendesha alikuwa hodari. Saruji, mawe, mabati, vyote alivipandisha kwa uma bila kuvunja kitu. Ya kenchi ikawa nyingine. Kamba ilitundikwa juu ya uma, kenchi ikaning'inia, na sisi wanakamati tukapiga kelele kila mmoja kutoka upande wake: "Ongeza mkono! Kidogo tu!" Akaongeza. Kenchi ikayumba, kamba ikateleza hadi nchani mwa uma, magurudumu ya nyuma yakaanza kuinuka. Akateremsha haraka, kenchi ikagonga ukuta na kuvunjika. Mzee mmoja aliyekuwa ameshika upande wake aliruka, akaumia goti tu. Angekuwa hatua moja karibu zaidi, leo tungekuwa tumekaa kwake na si hapa.

Halafu tukamlaumu kijana! Lakini nani alikuwa amemfundisha kuning'iniza mzigo? Hakuna. Na nani alimwambia aongeze mkono? Ni sisi.

Sasa sikilizeni. Mzigo ukikaa juu ya uma, umetulia. Ukining'inia, una mwendo wake wenyewe. Ukifunga breki ghafla, mashine inasimama lakini mzigo unaendelea mbele, na kwa muda huo ni kana kwamba umerefusha mkono bila kugusa usukani. Kila hatua unayouchomoa mkono, nguvu ya mashine inapungua. Zipo telehandla zinazoitwa za tani tatu na nusu ambazo mkono ukinyooshwa wote mbele haziruhusiwi kubeba hata tani moja. Haya yameandikwa kwenye jedwali la uzito lililobandikwa karibu na kiti cha dereva. Mara ngapi tumekuta limefunikwa na matope au limebanduka? Bila jedwali hilo dereva anakisia tu.

Tena jedwali lile linahesabu ardhi tambarare na ngumu, matairi yakiwa na upepo wa kutosha. Tambarare iko wapi kwetu Nyamira? Hapa ni kilima na bonde, na mvua ikinyesha udongo mwekundu unakuwa kama sabuni. Mashine ikiinama upande mmoja kidogo tu, mzigo ulio juu huhamia upande huohuo sana. Kwa hiyo kusawazisha mahali pa kusimama ni kazi ya kwanza, hata kama itachukua nusu siku ya jembe na kokoto.

Uzito nao tusiukadirie kwa macho. Tangi la lita 1,000 likijaa maji ni tani moja, bila kuhesabu tangi lenyewe. Gogo bichi la mkaratusi lenye upana wa sentimita 40 na urefu wa mita 6 hukaribia robo tatu ya tani. Ndoano na minyororo pia ni uzito, ihesabiwe. Na kamba mbili zikitandazwa sana, mpaka kila moja imebakiza nyuzi 30 tu kutoka usawa wa mzigo, basi kila kamba inavutwa kwa uzito wote mzima, si nusu. Mafundi wengi hawalijui hili. Wanashangaa kamba "nzima" imekatika.

Mzigo hauning'inizwi kwa kamba iliyovishwa tu kwenye uma. Kuna kichwa cha ndoano kinachotengenezewa mashine hiyo, nacho kina jedwali lake. Mzigo uwe chini kadiri inavyowezekana wakati wa kusafiri, na mwendo uwe wa pole. Wa kuuongoza washike kamba ndefu kutoka mbali, wasiushike kwa mkono kama yule mzee wetu. Mtu mmoja tu atoe ishara. Lakini ishara ya kusimama, hiyo hata mtoto wa mpita njia akiitoa, dereva asimame.

Kuna jambo la shida zaidi. Vijana wetu hulipwa kwa siku. Mkandarasi anasema: ukikataa, langoni wako wengine kumi. Tunajua. Lakini Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka kamba na minyororo ya kunyanyulia ikaguliwe kila miezi sita na mtu aliyeidhinishwa. Sheria hiyohiyo inasema mfanyakazi akiona hatari kubwa aiarifu, na asirudishwe pale kabla haijaondolewa. Wanakamati, hapo sisi ndio mkandarasi. Tumekubaliana kwamba katika miradi yetu dereva akisema hapana, kazi inasimama na siku yake inalipwa.

Anayetaka cheti aulize kuhusu mitihani ya NITA, ama aende taasisi ya KIHBT, ambayo ina tawi Kisii, aulizie kozi za mitambo na mahali zinapotolewa.

Alasiri hii hatutawasha injini. Tumeleta ndoo ya maji, kamba na mti mrefu. Kila dereva atatembea na ndoo ikining'inia nchani, asimame ghafla, aone maji yanakwenda wapi. Wanakamati nao watafanya vivyo hivyo, tena wao wataanza.